Siku sita Kisauni na daftari la Baba

Jumatano, 9 Julai

Treni ya Mombasa, ya saa mbili asubuhi kutoka Syokimau, kituo cha Nairobi. Baba hakuwahi kuipanda hii. Ilipoanza mwaka 2017 alikuwa ameshastaafu, magoti yamemgomea, na kila nilipomwambia nitamkatia tiketi alinijibu kwamba treni isiyolaza watu ndani si treni, ni basi refu. Yake ilikuwa ile ya reli ya zamani, ya usiku. Mwaka 1973 aliipandia Voi, daraja la tatu, na sanduku la bati na mkungu wa ndizi kutoka kwao Taita, akashuka Mombasa alfajiri hamjui mtu ila binamu yake mmoja aliyekuwa kuli Kilindini. Kisa hicho tumekisikia mara nyingi hata akipaliwa na chai katikati, yeyote kati yetu angeweza kukimalizia.

Nimekaa dirishani. Kupita Mtito Andei udongo umeiva wekundu, na ndovu nao wekundu, kama waliofinyangwa kwa udongo uleule. Mtoto wa kiti cha mbele kahesabu kumi na mmoja. Mamake akasema ni saba, aache uongo. Baba angekuwepo angekata shauri yeye, maana kuhesabu ndiko kulikomlisha: alikuwa karani wa tali. Mzigo ukishuka melini au ukipanda, yeye husimama na daftari, kila gunia kijiti kimoja, vijiti vinne vimesimama na cha tano kimelala juu yao. Alifanya hivyo miaka thelathini na mbili. Aliajiriwa wakati bandari ikiwa bado mali ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ikavunjika 1977, mwaka uliofuata ikaundwa Mamlaka ya Bandari, na yeye akaendelea kuhesabu palepale kama kwamba hakuna kilichotokea.

Mwaka umetimia tangu tumzike. Kaburi limejengewa, na Jumapili kuna ibada ya ukumbusho. Mimi nimepangiwa kusoma wasifu wa marehemu. Umeandikwa na kaka yangu mkubwa, nimetumiwa kwa simu, nimeusoma kati ya Emali na Voi. Neno "mcha Mungu" limo mara sita. Neno "mbishi" halimo.

Nimefika Miritini saa nane mchana, joto likanipokea usoni kama mvuke wa sufuria. Na hii eti ndiyo miezi ya kipupwe. Matatu mbili, Changamwe, Makupa, mjini, daraja la Nyali, mpaka kondakta alipopiga kelele: "Kengeleni hao!" Watu wanashuka Kengeleni kila siku bila kuitazama kengele yenyewe. Baba hakuweza kuipita hivihivi. Alitusimamisha pale tukiwa wadogo, juani, na sare za shule, atueleze kwamba Frere Town ilianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, na kwamba kengele ile ilipigwa kuwaonya wakazi wafanyabiashara wa watumwa wanapokuja. Sisi tulikuwa tunataka viazi karai vya mama wa pembeni. Leo nimeisimamia dakika mbili, halafu nikanunua viazi.

Alhamisi, 10 Julai

Nyumba yetu ni ya kuta za chokaa na mabati, vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele. Ni yetu, lakini ardhi iliyosimamia si yetu. Asiye wa Mombasa huwa hanielewi nikisema hivyo. Hapa unaweza kumiliki nyumba huku kiwanja ni cha mtu mwingine, unamlipa kodi ya ardhi kila mwezi, na ukitaka kujenga ghorofa ni mpaka akubali. Nyumba bila ardhi, ndiyo jina lake. Baba alilipa kodi hiyo maisha yake yote, na risiti zote zimo kwenye kopo la biskuti, zimepangwa mwaka kwa mwaka.

Asubuhi jirani yetu wa ng'ambo ya njia, ambaye sote tunamwita Bibi, kaleta mahamri na mbaazi za nazi. Hakubisha hodi, tangu nizaliwe sijamsikia akibisha. Kakaa na Mama barazani wakipanga pilau. Mbuzi watachinjwa na mjukuu wake, ili mtu yeyote wa mtaa ale bila kuuliza. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwenye harusi ya dada yangu na kwenye mazishi. Baba alisema mkristo wa Pwani anayemchinja mbuzi wake mwenyewe anataka kula peke yake.

Mchana nikaingia chumbani kwake. Mama hajagusa kitu. Miwani, dawa za presha zilizobaki, Biblia yenye jalada la turubai alilolishona mwenyewe. Na madaftari. Nilijua yapo, sikujua ni mangapi: kumi na manane, yaleyale marefu membamba ya tali. (Aliyanunua kwa pesa yake. Hilo kaliandika kwenye jalada la ndani la kila moja, pamoja na bei.)

Ni madaftari ya sala. Kila ukurasa una safu, kila safu ina jina au herufi juu yake, na chini yake vijiti. Siku aliyokuombea, kijiti. Mama ana safu yake isiyokatika hata mahali pamoja. Sisi watoto watano tumo. Kuna safu ya "Bibi na nyumba yake". Kuna "Kasisi", na makasisi wamebadilika sijui mara ngapi, safu ni ileile. Kuna "Rais", vilevile, tangu Moi hadi huyu wa sasa, bila kutaja jina. Timu ya soka ya Bandari inayo safu, na ni ndefu, wala sidhani ilimletea faida. Safu yangu ilikuwa nyembamba utotoni, kisha mwaka 2003, nilipoacha kwenda kanisani, vijiti vikawa viwili viwili kwa siku, asubuhi na jioni. Wakati huo uso kwa uso hakuniambia neno. Nikirudi nyumbani Jumapili aliuliza tu kama nimekula.

Safu moja ilinishinda. Inaanza 1996 na juu yake kuna K peke yake. Haikatiki. Daftari baada ya daftari, K, K, K, hadi ukurasa wa mwisho ambapo mkono unatetemeka na vijiti vimelala kama nyasi zilizokanyagwa. Kwetu hakuna mwenye K. Nikamwuliza Mama. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Utamwona Jumapili, akija."

Ijumaa, 11 Julai

Mwembe Tayari, kwa muuza kahawa. Nimekutana na mzee aliyefanya kazi na Baba tangu enzi za magunia. Nilikwenda nimejiandaa kusikia sifa, kwa kuwa mtu akifa Mombasa hana kasoro hata moja mpaka arobaini ipite.

"Babako alituudhi sana," akaanza, huku akinisogezea kashata.

Kumbe mwaka mmoja, wakipakia kahawa, hesabu ya Baba ilipungua kwa magunia mawili. Genge zima lilitaka kwenda nyumbani, zamu imekwisha, meli inataka kung'oa nanga. Wengine wote walikuwa tayari kutia saini. Yeye akagoma. Wakasimamishwa saa tatu, kila gunia likahesabiwa upya. Yakapatikana? Yakapatikana, nyuma ya mlango wa shedi, yamefunikwa turubai. Aliyeyaficha alifukuzwa kazi, naye alikuwa na watoto wanne.

"Kesho yake watu hawakumwamkia. Mwezi mzima. Mimi mmoja wao."

"Naye?"

"Yeye alituamkia. Kila asubuhi, mmoja mmoja, kwa jina. Ndiyo iliyozidi kuudhi."

Tumecheka hadi muuza kahawa akatugeukia. Kisha mzee akanyamaza, akageuza kikombe, akaniuliza kama ninakumbuka Mtongwe. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tarehe 29 Aprili 1994, Ijumaa kama leo, kivuko kilizama asubuhi kikiwavusha watu wa Mtongwe kuja kazini, karibu kabisa na nchi kavu, wakafa zaidi ya 270. Wengi walikuwa wa bandarini. Mimi ninakumbuka tu kwamba Baba alirudi usiku suruali imelowa hadi kiunoni, akakaa barazani bila kuvua viatu, na Mama akatuzuia tusimsogelee.

Mzee kaniambia mengine. Wiki ile Baba aliomba likizo yake ya mwaka, yote, akaimalizia kwenye mazishi. Ya Waislamu alitembea nyuma ya jeneza, akasimama nje ya msikiti na viatu mkononi. Ya Wakristo aliimba besi. Nimerudi nyumbani nikatafuta daftari la 1994. Ukurasa upo. Majina kumi na moja, yameandikwa kamili, jina la baba na la babu, na chini ya kila jina hamna kijiti hata kimoja.

Jioni nimekwenda kutazama maji pale Likoni, feri zikipishana. Sikukaa sana.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeamka mapema niende Mkomani kabla ya shughuli kuanza. Mdogo wangu wa kiume kaja na mimi, ananung'unika. Tangu tukiwa wadogo, kila Julai, Baba alitupeleka kwenye kaburi hilo, na kila Julai tulinung'unika.

Ni kaburi la mke wa Krapf na mtoto wake. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na wamishonari wa Kiingereza, alifika Mombasa mwaka 1844 baada ya kufukuzwa kwenye kazi yake Uhabeshi. Alikuwa na umri wa miaka 34. Mkewe Rosine alikuwa mjamzito. Huko Uhabeshi walikwishamzika mtoto mmoja njiani, wakampa jina Eneba, maana yake chozi. Hapa Rosine alijifungua binti. Homa ikamshika yeye na mumewe pamoja. Tarehe 13 Julai alifariki, na siku chache baadaye kitoto nacho. Krapf mwenyewe alikuwa hajiwezi. Alipopata nguvu ya kushika kalamu aliwaandikia wakuu wake kwamba sasa kuna kaburi pwani hii, basi wajue kazi imeanza. Kisha akaendelea na tafsiri ya kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili aliyoianza mwezi uliotangulia, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Mwaka 1846 mmishonari mwenzake, Rebmann, akamfuata, wakahamia Rabai.

Barua ile mimi hunitia baridi. Mtu amezika mke na mtoto, anaandika habari za kazi? Nilimwambia Baba hivyo nikiwa kidato cha tatu, kwa ujeuri wa kidato cha tatu. Hakukasirika. Akasema, "Angeandika nini?"

Wakati ule sikujua kuhusu dada yetu. Mwaka 1979, kabla ya kaka yangu mkubwa kuzaliwa, wazazi wetu walipata binti akaishi siku tisa. Alizikwa kwenye makaburi ya kanisa letu, chini ya mkorosho. Mama ndiye aliyetuambia, sisi tukiwa watu wazima, tena kwa sentensi moja akiwa anakuna nazi. Baba hakuwahi kulitaja. Yeye alitupeleka Mkomani.

Na ndilo lililozua ugomvi mwaka jana. Ami zetu walishuka kutoka Taita na gari la kubebea mwili, wakijua kaka yao atarudishwa kwao kama desturi. Mama akawaonyesha karatasi, mwandiko wa Baba, maneno matano: Nizikeni hapa, karibu na mtoto. Ami mkubwa akauliza mtoto gani. Nadhani ndipo walipojua. Gari likarudi tupu. Kwa miezi minane ami mkubwa hakupokea simu zetu. Leo mchana kashuka na basi, na mkungu wa ndizi begani.

Alasiri ilikuwa vitunguu. Sina la kueleza kuhusu Jumamosi ya kabla ya shughuli kwa mtu ambaye hajapata kuona kilo ishirini za vitunguu zikikatwa ukumbi mmoja na wanawake kumi na watano wanaozungumza kwa pamoja. Akina mama wa Umoja wa kanisani wamekaa upande huu, Bibi na mabinti zake upande ule, mashairi ya kupigana vijembe yanavuka katikati. Nilitumwa binzari mara tatu. Mara zote tatu niliambiwa nimeleta siyo.

Jumapili, 13 Julai

Ibada ya saa nne. Wanaume wa KAMA, chama cha wanaume wa Kianglikana, wamevaa tai, akina mama wamejifunga leso kichwani. Kasisi ni kijana, hakumjua Baba alipokuwa na sauti. Amemjua mgonjwa tu, akasema hivyo wazi, nikampenda kwa hilo.

Zamu yangu ilipofika nilisoma wasifu hadi "mcha Mungu" ya pili. Hapo nikaikunja karatasi. Kaka yangu alinitazama kwa jicho ninalolijua tangu utotoni. Nikawaeleza habari za magunia mawili. Kanisa likacheka mahali pasipo na kicheko, kwa sababu yule mzee wa Mwembe Tayari aliyekaa safu ya tatu alikuwa anatikisa kichwa na kusema kwa sauti, "Kweli, kweli, alituudhi." Nikasema pia kwamba alikuwa bahili, kwamba alituchelewesha kila mahali kwa kuomba kabla ya kufunga mlango, na kwamba hakuwahi kunyanyua mkono wala sauti kwa Mama. Nilitaka kusema na kuhusu vijiti viwili viwili. Koo halikukubali. Nikakaa.

Kaburini upepo wa kusi ulikuwa mkali, mkorosho ukitikisika. Mafundi wamejenga vizuri. Pembeni kuna kijikaburi kidogo kilichowekewa saruji upya, na msalaba usio na jina. Ami mkubwa alisimama hapo muda mrefu kuliko alivyosimama kwa kaka yake. Kisha akatoa kitambaa akaupangusa vumbi.

Na K alikuja.

Nilimtambua kabla Mama hajaninong'oneza. Amezeeka, ana mkongojo, kanzu nyeupe ya wazee wa kanisa imempwaya mabegani. K ni kiwanja. Huyu ndiye aliyemwuzia Baba kiwanja mwaka 1996, wakiimba kwaya moja, wakiitana ndugu. Baba alichukua mkopo wa ushirika, akakatwa mshahara miaka sita, akitaka angalau siku moja alale juu ya udongo wake mwenyewe. Kumbe kiwanja kilikwishauzwa kwa watu wengine watatu. Kesi haikufika popote. Dada yangu alikaa nyumbani mwaka mzima bila karo, sisi wengine tulikula maharagwe hadi leo siwezi kuyatazama. Mtu huyu hakurudisha hata shilingi. Na kwa miaka ishirini na minane Baba amekuwa akimpiga kijiti kila siku ya Mungu.

Nilitamani kwenda kumwambia. Sijui ningemwambia nini: kwamba uliombewa, au kwamba ulituibia. Yote mawili yalikuja mdomoni kwa pamoja. Alikaa mwisho wa turubai karibu na matenki ya maji. Mpwa wangu, asiyejua lolote, akampelekea sahani. Alikula taratibu, akamaliza, akaomba maji ya kunawa. Mama akapita pale akamwamkia kwa jina lake. Hakusimama.

Alipoondoka nilimhesabia hatua mpaka njia panda. Zilikuwa tisini na mbili.

Jumatatu, 14 Julai

Treni ni ya saa tisa alasiri. Asubuhi tulikunja turubai, tukarudisha viti, tukagombana na kaka yangu kuhusu wasifu, tukapatana kwa chai.

Mama alikuwa jikoni akigawa pilau lililobaki. "Yule mzee jana alifungiwa?"

"Mzee gani?"

Akanitazama tu.

"Hakufungiwa," nikasema.

"Mtu katoka mbali vile, anaondoka mikono mitupu?"

Mbali kwenyewe ni Mishomoroni. Lakini nilikuwa nimeshashikishwa bakuli la bluu, limefunikwa sahani na kufungwa kwa leso, na begi langu kwenye bega la pili. Nikapanda tuktuk. Njia nzima nilipanga hotuba, na ilikuwa nzuri, yenye tarehe.

Mlango ulifunguliwa na msichana mdogo, labda miaka minane. Nyumba ni ya matope, ndogo kuliko yetu.

"Babu amelala. Nimwambie nani?"

Nikasahau hotuba. Nikasema, "Mwambie limetoka kwa karani wa tali." Akarudia maneno hayo polepole asije akayakosea, akalipokea bakuli kwa mikono miwili.

Tulikuwa tumeshapita Mariakani simu ilipolia.

"Umefika kwenye treni?"

"Niko ndani, Mama."

"Umempelekea?"

"Nimempelekea. Alikuwa amelala."

"Na bakuli langu?"

Nikatazama begi, kana kwamba lingekuwemo. "Liko Mishomoroni, Mama."

Akakaa kimya kidogo. Nikasikia nyuma yake Bibi akiuliza kuna nini, na Mama akimjibu kwamba ni bakuli.

"Basi utalifuata Krismasi," akasema, akakata simu.